Tuta la Baba

Baba yangu alikuwa na tabia ya kuhudhuria kila mkutano wa kikundi chetu na kukaa benchi la mbele. Hakuwa mwanachama. Alisema amekuja kusikiliza, lakini kila mtu alijua kwamba amefuata chai, na kwamba akishamaliza vikombe viwili na kutia andazi moja mfukoni mwa kanzu, ataaga kwa adabu na kushika njia ya pwani na jembe lake begani. Huko pwani alikuwa na tuta. Tuta hilo ndilo lililotugombanisha mimi na yeye kwa mwaka mzima na zaidi. Na kwa kuwa mimi nilikuwa katibu wa kikundi, tena mwalimu mstaafu, tena mwanawe niliyerudi Kiswere kumtunza, nilijiona nina haki zote upande wangu.

Nieleze kwanza tuta lenyewe. Hori la bahari linaingia nchi kavu karibu na kwetu, na upande wetu wa hori baba alikuwa na shamba la chumvi tangu kabla sijazaliwa. Alilizungushia tuta la udongo la kimo cha kiuno, akagawa ndani majaruba, akawa anaingiza maji ya bahari kwa mlango mmoja na kuyaacha jua liyakaushe mpaka ibaki chumvi. Chumvi ile ilitulea. Ndiyo iliyonipeleka chuo cha ualimu. Baadaye mgongo wa baba ukagoma, mama akafariki, vibarua wakaenda kwingine, na shamba likabaki uwanja mweupe usioota hata jani moja. Tuta peke yake lilibaki imara. Kila asubuhi baba alilizunguka, akaziba tundu la kaa hapa, akashindilia udongo pale, akalipigapiga kwa bapa la jembe kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Nilipomuuliza analinda nini, alinijibu kwamba analinda tuta.

Mimi nilikuwa nimefundisha Mingoyo miaka mingi, na mwalimu akistaafu hustaafu darasa tu, sauti haistaafu. Sikumaliza mwezi nyumbani wanawake wanaookota tondo na chaza wakanifuata barazani. Walilalamika kwamba kamba wamekuwa haba, kaa wamekuwa wadogo, na hata ndege waliokuwa wakijaa horini sasa wanahesabika. Walijua sababu bila kuambiwa na mtaalamu yeyote: mikoko ilikuwa imekwisha, na kamba hawana pa kuzalia. Walitaka kuipanda upya kwa kujitolea. Walikuwa na mikono, na walikuwa na moyo. Walichokosa ni mtu wa kuandika barua na kupaza sauti mbele ya watu, nami vyote viwili nilikuwa navyo kwa wingi kuliko inavyofaa.

Ardhi ya pwani haikosi mwenyewe. Ng'ambo ya hori kuna shamba la minazi la bwana mmoja mwenye duka la vitambaa mjini Lindi, wa familia ya Kihindi iliyokaa pwani hii vizazi na vizazi. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kwa hoja tisa. Nilipofika hoja ya pili akanikatiza. "Mwalimu, ukingo wote wa maji chukueni. Mimi mwenyewe babu yangu alikuwa akinileta pale kutazama ndege. Ila mbuzi wa watu wasiingie kwenye minazi yangu." Nilikata simu nikiwa nimebakiwa na hoja saba na hasira kidogo. Mtu wa mjini, ambaye hata hatukujuana vizuri, ametoa ardhi yake kabla chai yangu haijapoa, na baba yangu mzazi hataki kufungua hata pengo la upana wa mlango kwenye tuta lake ili tupande ndani.

Nilikuwa nimemwomba vizuri, nikamwomba vibaya, nikamtumia watu wazima wa msikitini. Jibu lilikuwa moja. "Nikifa, fanyeni mnavyotaka. Nikiwa hai, tuta halibomolewi."

Ng'ambo hatukuwa na mtumbwi wa kutuvusha, kwa hiyo mwaka wa kwanza tulipanda pale pasipokuwa na mwenyewe, yaani kwenye tope la wazi mbele ya tuta, linalopigwa na mawimbi. Nilisimamia kazi hiyo mwenyewe, na naona aibu kuisimulia. Nilikuja na kamba, vijiti na futi ya fundi cherehani. Nilitaka mistari. Kwa miaka yote niliyofundisha, shamba la mihogo la shule yetu lilikuwa na mistari ambayo mkaguzi mmoja aliisifia mbele ya wazazi, na sikuona kwa nini bahari nayo isipangwe. Wanawake walinitazama, wakatazamana, wakapanda kwenye mistari. Mbegu ya mkoko ni ndefu, ina kichwa na ina ncha, na ncha ndiyo inayoingia topeni. Hilo kila mtoto wa pwani analijua. Asiyelijua alikuwa mtani wa baba, ambaye siku ile alijitolea kwa kelele nyingi na kupanda mstari mzima kichwa chini, miguu juu.

Huyu mtani lazima nimweleze, kwa sababu bila yeye ningekuwa bado nahutubia. Sisi ni Wamwera, yeye ni Mngoni. Alikuja pwani akiwa kijana kufanya kazi ya mkonge, akaoa hapa, akazeeka hapa, na mpaka leo maji yakimfika magotini anaanza kumtaja Mungu. Wamwera na Wangoni ni watani, na utani wao si mzaha wa kupitisha wakati, ni haki. Mtani anaweza kuingia uani kwako akamchukua jogoo, na wewe huruhusiwi kukunja uso. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako. Mtani huyu alipofiwa na mkewe, baba alilala mlangoni kwake na kutangaza kwamba jeneza halipiti mpaka apewe ugali wa Songea, na mfiwa, aliyekuwa hajasema neno tangu alfajiri, akacheka huku analia. Mimi wakati huo niliona ni utovu wa adabu. Nilikuwa mwalimu.

Siku ile ya kupanda, baba alikaa juu ya tuta lake akitutazama. Alipoona mstari wa Mngoni alicheka mpaka akalazimika kushikilia jembe asianguke. Hakutuambia lolote kuhusu mistari mingine. Bamvua la kwanza lilikuja, bahari ikajaa mpaka kifuani mwa tuta, na ilipokupwa nikaenda na daftari langu kukagua. Mama mmoja wa kikundi, mcheshi kupita kiasi, aliniuliza kama nimeita majina. Hakuwepo hata mmoja wa kuitika. Mstari wa Mngoni ulikuwa umezolewa pamoja na ile niliyoisimamia mwenyewe, bila upendeleo.

Bwana misitu alikuja kutoka wilayani, akatembea kidogo, akapanda juu ya tuta, akatazama ndani na nje. Alisema tumepanda mahali ambapo mkoko haujawahi kuota. Mahali pake, alisema, ni hapa ndani. Mkilikata tuta maji yakaingia na kutoka yenyewe, hamna haja hata ya kupanda, mbegu zitakuja na maji. Ila mfungue kabla ya bamvua la msimu wa mbegu kuanguka, vinginevyo mnangoja mwaka mwingine. Nilitazama wanachama wangu. Tulikuwa tumebaki tisa, na wawili kati ya hao walikuja kwa ajili ya fulana za kikundi. Nilijua kwamba mwaka mwingine wa kungoja utatumaliza.

Basi nikazidisha hotuba. Nilizungumza ofisi ya kijiji, nikazungumza shuleni, nikazungumza kwenye gulio. Hotuba ilikuwa moja na nilikuwa nimeikariri. Sehemu yake nzuri kuliko zote, niliyoipenda kwa sababu watu walinyamaza nilipoifikia, ilisema hivi: "Wapo watu waliotutangulia ambao kwa tamaa zao waliikata mikoko hii bila kufikiria watoto wao." Nilipofika hapo nilikuwa nashusha sauti, kisha nasubiri kidogo. Baba alikuwa benchi la mbele. Alikuwa anarekebisha kofia yake, anaitikia kwa kichwa, anakunywa chai. Mkutano ukiisha alikwenda kwenye tuta lake na kufanya kazi mpaka jua kali. Niliona kwamba ni ukaidi, nikapanga kwamba hotuba ijayo nitaongeza makali.

Mtani alikuja asubuhi moja nikiwa barazani nachagua mchele.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Una nini humu?" Alifunua kawa bila kusubiri jibu, akachukua maandazi mawili, akakaa mkekani. "Hotuba yako nzuri, mwalimu. Nimeshaisikia mara nne. Ile sehemu ya watu wenye tamaa ndiyo inayonifurahisha. Ukifika pale mimi huwa sikutazami wewe, namtazama baba yako masikio."

"Baba ana nini?"

Aliacha kutafuna. "Wewe, mikoko ya upande huu alikata nani?"

"Wafanyabiashara wa boriti," nilisema. "Watu wa nje."

"Hao walikata kule mbele. Hapa alikata baba yako. Na mimi. Ningejua vipi kupanda mkoko, mimi niliyeufahamu kwa shoka? Nilikuwa kibarua wake wa kwanza, nimetoka kwenye mkonge, naogopa maji. Tulikata msimu mzima mpaka pakawa peupe, ndipo akajenga tuta. Boriti nyingine ziliuzwa. Nyingine ziko juu ya kichwa chako hapo."

Niliinua macho. Boriti za nyumba ya baba ni nyeusi kwa moshi na uzee, zimenyooka, hazijaliwa na mchwa hata mmoja. Nimezaliwa chini yake. Nimelala chini yake nikiwa na surua, na nikiwa mwali, na sasa nikiwa mstaafu, na sikuwahi kujiuliza zimetoka wapi. Shamba la chumvi nililikuta na nikalichukulia limekuwepo siku zote. Kama ningefikiri kwa dakika tano ningejua kwamba uwanja mweupe kandokando ya hori hauji wenyewe, lakini dakika hizo tano nilizitumia kukariri hotuba.

"Mbona hakuniambia?" niliuliza.

"Angekuambia saa ngapi? Ulikuwa unahutubia."

Niliona aibu kiasi cha kushindwa kuendelea na mchele. Nilimwona baba benchi la mbele, na kofia yake, na kikombe chake, na kijiji kizima nyuma yake kikiwa na wazee ambao wote walijua, na binti yake mbele anashusha sauti. Alikuwa amekaa pale mara nne. Sasa nikaelewa kwa nini tuta halifunguliwi. Si chumvi aliyokuwa akiilinda. Kufungua tuta kungekuwa kusimama mbele ya watu wote na kukubali kwamba kazi pekee aliyoifanya maishani mwake, iliyowalea mke na watoto, ndiyo tamaa inayosemwa kwenye hotuba.

"Nikamwombe radhi," nilisema.

"Usithubutu. Wewe ni mtoto. Ulivyosema vile ulimvua nguo bila kujua. Ukienda kuomba radhi, utakuwa unamwonyesha kwamba sasa unajua yuko uchi. Niachie mimi. Mimi nina ruhusa."

Alichukua andazi la tatu, akaondoka. Baba aliporudi mchana nilimwekea chai bila kuombwa, na maandazi yote yaliyobaki. Alitazama sahani muda mrefu, akaniuliza nani amefariki.

Siku ya bamvua hilo la mbegu kikundi kilikutana horini asubuhi kuokota nyavu kuukuu na plastiki. Niliwaita kwa kazi hiyo kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kuwapa. Baba alikuwa juu ya tuta na jembe lake, mgongo kwetu. Maji yalikuwa bado mbali lakini yanakuja. Ndipo mtani alipotokea njiani akiwa amevaa koti la kaki lililoishiwa vifungo, amejifunga kiunoni kamba ya mkonge, filimbi mdomoni, jembe begani. Alipuliza filimbi mpaka mbuzi wakakimbia.

"Mwizi wa mikoko!" alipiga kelele. "Uko chini ya ulinzi!"

Kila mtu alisimama alipo. Mama mcheshi aliyeniuliza kuhusu majina alikuwa ameinama kuokota wavu, akabaki ameinama. Neno lile lilikuwa limekaa katikati yetu mwaka mzima na hakuna aliyethubutu kulitaja, na sasa linapigiwa filimbi. Baba aligeuka taratibu. Alimtazama mtani kuanzia viatu mpaka filimbi.

"Na wewe mwizi mwenzangu," alisema, "nani kakupa filimbi?"

"Mimi niliiba kwa amri yako!"

"Ungeiba nini wewe? Msimu mzima umekata miti sita na mguu wako mmoja. Waonyeshe mguu!"

Mtani akapandisha suruali, akaonyesha kovu refu kwenye muundi, akazunguka nalo kwa kila mwanachama kama anauza. Alisema hiyo ndiyo mikoko pekee aliyoikata. Akasema Mmwera huyu alikuwa na tamaa mpaka alitaka kukata hata kivuli cha mti. Baba akajibu kwamba Mngoni alikuwa akipanda juu ya mti kila maji yakijaa, kwa hiyo ilibidi waukate ili ashuke. Wanawake walikuwa wameanza kucheka, kwanza kwa kujificha kwenye khanga, kisha waziwazi. Baba naye akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka vile tangu mama afariki. Kofia ilianguka na hakuiokota.

"Kwa hatia hiyo," mtani akasema alipopata pumzi, "nachukua tuta. Mtani akichukua haulizwi." Akainua jembe, akapiga.

Sijui kama alipanga vile au ni ujinga wake wa kweli wa mambo ya pwani. Mpaka leo anakataa kuniambia. Alichagua pembe nene kuliko zote, palipojazwa mawe, akapiga kwa ubavu wa jembe, udongo ukaruka na kumrudia usoni. Akapiga tena palepale. Baba alivumilia mapigo manne. Niliyahesabu, na nilimwona anavyoteseka.

"Hapo pana mawe," alisema.

Mtani akapiga.

"Utavunja mpini, wewe. Tuta hili nimelijenga mimi, halibomolewi hivyo. Ukilikata hapo maji yatakula upande wote, yapeleke tope kwenye njia ya watu. Hata kubomoa hujui!"

Mtani akapiga kwa nguvu zaidi, vibaya zaidi.

"Lete!" Baba aliruka chini, mgongo ule uliogoma ukiwa umesahau kugoma, akamnyang'anya jembe ingawa lake mwenyewe alikuwa nalo mkononi. Akawa amesimama na majembe mawili. Alitutazama sisi sote, akanitazama na mimi, na nilidhani kwamba sasa amekumbuka na atarudi nyuma. Badala yake alitembea kwa hatua za kuhesabu kando ya tuta, akapita mlango wa zamani wa maji, akasimama mahali ambapo kwa macho yangu hapakuwa na tofauti na pengine popote.

"Hori lilipita hapa," alisema. "Mimi ndiye niliyeliziba."

Akaanza kuchimba. Alichimba kutoka upande wa ndani, kwa mapigo mafupi, na kila baada ya muda alisimama kutuamrisha. Huyu achukue karai, yule atanue huku, nyie wawili pangeni mawe kwenye kingo ili mdomo usiliwe. Mimi alinipa karai. Nilibeba tope na sikusema neno, jambo ambalo wanachama walilitaja kwa wiki kadhaa baadaye. Karibu na adhuhuri maji yalifika. Yaliingia kwanza kama mchirizi wa maji ya kuoga, kisha yakashika njia yake, yakapanuka, yakatanda juu ya ule uwanja mweupe na kuubadilisha rangi tukiona. Hakuna aliyeshangilia. Nadhani tulikuwa tumechoka.

Ndipo tukagundua kwamba baba, kwa kusimamia watu, amebaki upande wa pili wa pengo. Maji yalikuwa yamefika mapajani. Alisimama juu ya kipande chake cha tuta na majembe yake mawili, kisiwani, akijifanya amekusudia. Aliyemfuata ni mtani. Aliingia majini amefumba macho, anamtaja Mungu kwa sauti, akamshika mkono, na njia nzima ya kurudi hatukuweza kujua nani anamvusha nani. Baba alisema ni yeye.

Hayo ni ya msimu uliotangulia huu. Mbegu zilikuja kama bwana misitu alivyosema. Ya kwanza kuota ilikuwa michu, aina ya mikoko, vimche vya majani mawili mawili vilivyotawanyika ovyo, popote maji yalipovitua. Siku moja nilishuka na kamba ili nipime tu nafasi kati ya mche na mche, baba akaniona kwa mbali na kunipigia kelele niweke kamba chini. Yangeyange, wale ndege weupe, walirudi kabla ya kaa. Kaa wakaja kabla ya kamba. Wanawake sasa wanapata uduvi pale kwenye mdomo wa pengo, kidogo, lakini wanapata, na kikundi kimefikia watu ishirini na kitu, na hatuna tena fulana za kuwapa. Bwana wa duka la vitambaa alikuja kutoka Lindi kutazama ndege, akakaa na baba juu ya tuta lililobaki, wakalaumiana kuhusu mbuzi. Baba bado anakwenda kila asubuhi na jembe lake. Hazibi tena tundu la kaa lolote. Anafukuza mbuzi, na akirudi nyumbani ananiambia wageni gani wamefika, kwa majina ya ndege ambayo sikuwahi kumsikia akiyataja nilipokuwa mtoto.

Wiki iliyopita nilipata habari kwamba wenzetu wa vijiji viwili vya pwani wanakuja kuona kazi yetu, na mimi nitazungumza. Niliandika hotuba mpya. Jioni kabla ya magharibi nilimsomea baba barazani, kwa sababu sikutaka tena akutane nayo benchi la mbele. Nilikuwa nimeondoa watu wenye tamaa. Nilikuwa nimeondoa ukataji wote. Hotuba ilianza siku ya bamvua, na maji yakiingia.

Alisikiliza mpaka mwisho, akageuza kikombe mkononi.

"Mbona umeanzia katikati?"

Niligeuza karatasi kana kwamba mwanzo uko nyuma yake.

"Hao wageni watauliza mikoko iliondokaje. Utawaambia ilitembea?" Akaninyooshea kidole kwenye karatasi. "Andika. Baba yangu ndiye aliyekata. Kisha andika baba yangu ndiye aliyefungua. Yote mawili. Kama unaandika moja tu, afadhali ukae nyumbani nikazungumze mimi."

Niliandika. Mwandiko wangu ule wa ubaoni, niliouringia miaka yote, ulikuwa mbaya kuliko wa darasa la kwanza. Nilipomaliza nikaona kwamba nisiposema sasa sitasema tena. Nikamwambia, "Baba, nisamehe kwa zile hotuba."

"Hotuba zipi?" Alininyooshea kikombe nimwongeze. "Mimi nilikuwa nafuata chai."